Rejeta ya Oili ya Shemeji Kiilu

Kalamba,
9 Februari 1986

Shemeji yangu Kiilu,

Bwana asifiwe. Sisi huku tunakula tulichovuna, na kile ambacho hatukuvuna tunamwachia Mungu. Mguu wa mume wangu Nzioka umepona. Ameanza kulima na kulalamika tena, ndipo nikajua amepona kweli. Yule ng'ombe mwekundu amezaa dume. Mwambie dada yangu Mumbua kwamba leso aliyonitumia niliivaa kanisani, na mke wa mzee wa kanisa aliniangalia badala ya kuangalia kitabu cha nyimbo. Binti yenu Ndululu asome kwa bidii, aachane na mambo ya kunyoosha nywele.

Sasa niseme kilichonikalisha mezani. Macho ya Mama yanaenda. La kushoto limefunga kabisa, lina kitu cheupe kama utando wa maziwa, na la kulia limeanza kufuata mwenzake. Tulimpeleka Matiliku akaangaliwa, tukaambiwa ni mtoto wa jicho. Tukaambiwa pia kwamba madaktari wa macho watakuja huko kwenu Kitui mwezi wa nane, watapasua watu, halafu watarudi makwao. Wakishaondoka hakuna ajuaye watarudi lini.

Nilitaka nimlete kwa basi. Amekataa. Anasema, "Mkwe wangu alisema atakuja kunichukua na gari yake. Nikipanda basi nitakuwa nimewaambia watu kwamba neno lake si neno." Na kweli ulisema, shemeji. Ulisema Krismasi, umeshika kikombe cha chai, akina mama wote wa Kalamba wakisikia: "Mama Kalondu hatasukumwa-sukumwa kwenye basi. Nitamchukua mimi mwenyewe!" Walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Mimi nilifurahi zaidi ya wote. Nilijisemea, huyu si kama waume wengine wa Ukambani, wale ambao wakimwona mama mkwe njiani wanaruka kichakani kwa ajili ya nthoni, eti ni heshima kutomkaribia. Wewe umeokoka. Wewe ulisimama mkutanoni Kikima ukahubiri kwamba katika Kristo hakuna nthoni, kisha ukashuka ukamsalimia Mama kwa mkono mbele ya watu wote. Wengine walifumba macho, lakini ulimsalimia.

Basi nijulishe ni lini utakuja. Gari yenyewe sijaiona, kwa maana Krismasi ulisema iko gereji, lakini nasikia ni nyekundu, na kwamba yule Mzungu wa mradi wa maji aliyekuachia aliipenda kuliko bibi yake.

Ni mimi shemeji yako,
Ndinda


Kitui,
2 Machi 1986

Kwa shemeji Ndinda,

Nakusalimu katika jina lipitalo majina yote. Mumbua hajambo, ila anasumbuliwa na kifua kwa ajili ya vumbi la kinu. Watu wa kusaga ni wengi, tunashukuru. Ndululu amekuwa namba nne darasani, na kuhusu nywele nimezungumza naye, akaniambia ni za kwake.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Macho ya Mama yananihuzunisha sana. Neno langu ni lile lile.

Lakini kuna jambo la gari ambalo lazima nikueleze polepole, kwa sababu wewe si mtu wa injini. Gari hii ni MG ya miaka ile ya sitini, gari ya kukimbia, ndogo lakini ina nguvu. Injini imezeeka. Kwenye baridi ya Uingereza ingekuwa inacheka tu, lakini joto la Kitui ni lingine. Nikipanda mlima, oili inachemka, inakuwa nyepesi kama maji ya ugoro, na ile sindano ya geji inayoonyesha nguvu ya oili inaanza kushuka. Oili ikiwa nyepesi hivyo, vyuma vinasagana. Mimi niliendesha gari za serikali miaka mingi, na sasa nina kinu, najua injini inavyolia kabla ya kufa.

Dawa yake ni rejeta ya oili. Ni rejeta ndogo, mbali na ile kubwa ya maji. Unaifunga mbele, mahali upepo unapopiga, halafu unatoa oili kwenye injini kwa paipu moja, inazunguka humo ikipoa, inarudi kwa paipu ya pili. Gachanja, fundi wangu hapa mjini, amepata moja iliyotumika. Tutaifunga. Ikishafungwa nitakuja. Siwezi kumchukua Mama Kalondu halafu injini ife kwenye milima ya Machakos, akae kando ya barabara kama mzigo wa makaa.

Haraka haraka haina baraka.

Ni mimi,
Kiilu


Kalamba,
20 Aprili 1986

Shemeji Kiilu,

Salamu nyingi. Mvua imenyesha, Mungu ni mwema. Tumepanda mahindi, kunde na pojo. Kanisani tumepata mabati ya upande mmoja. Upande wa pili bado tunakaa na anga la Mungu.

Nimengoja. Nimeuliza posta ya Matiliku mpaka yule karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Je, rejeta imefungwa?

Nikuambie kilichotokea. Juzi Mama aliamka akaenda shambani kupalilia kunde zake. Nilipomfuata na uji nilimkuta ameinama, amefika nusu ya shamba, anaimba. Shemeji, alikuwa ameng'oa kunde zote na kuacha magugu. Magugu yamesimama kwa mistari mizuri kabisa. Aliniuliza, "Si zimetoka vizuri?" Nilisema ndiyo, Mama. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, halafu nikarudi na mbegu nikapanda upya yeye akiwa amelala.

Kwa hivyo ukiniambia haraka haina baraka, mimi nakuambia ngoja ngoja huumiza matumbo.

Nimepanga hivi. Ukija, wewe utakaa mbele na usukani wako, mimi nitakaa nyuma na Mama nimshike mkono, na kiondo cha chakula, na jogoo mmoja wa Mumbua. Kama jogoo atakuchafulia gari nitamfunga kwenye gunia. Nijibu kama hilo ni sawa.

Mama anakusalimu. Nilipomwambia naandika alisema, "Mwambie mkwe wangu asijiharakishe. Gari ni kitu cha kutengenezwa vizuri." Unaona moyo wake? Haoni mbele, lakini anakuhurumia wewe na chuma chako.

Ni mimi,
Ndinda


Kitui,
25 Mei 1986

Kwa shemeji Ndinda,

Nimechelewa kuandika, unisamehe. Tulikuwa na semina ya wazee wa kanisa, halafu mkanda wa kinu ukakatika. Kifua cha Mumbua ni afadhali. Habari ya kunde imenichoma moyo. Nimemwambia Mumbua, naye hakula jioni hiyo.

Rejeta ilifungwa. Sasa sikiliza. Gachanja aliifunga chini ya bampa ya mbele, akasema hapo ndipo upepo unapita. Ni kweli unapita, lakini mawe pia yanapita. Gari hii iko chini sana, tumbo lake karibu liguse barabara. Nilienda nayo kidogo tu upande wa Mutomo, jiwe likaruka, likaitoboa rejeta. Nilirudi nyumbani nyuma yangu kukiwa na mstari mweusi wa oili kama mtu aliyepoteza njia na kuweka alama.

Tukaitoa. Gachanja akaiziba. Tukaipandisha juu, mbele ya rejeta ya maji, na mbele yake nikaweka wavu wa kuzuia mawe. Wavu niliutoa kwenye mlango wa sefu, lile kabati la kuwekea nyama la dada yako. Kuhusu hilo usiniulize, nimeshasemwa vya kutosha.

Halafu paipu zikakataa. Rejeta ni ya Kiingereza, na paipu tulizopata ni za lori ya Kijapani. Thredi zake, zile nyuzi za kukazia, hazishikani. Unakaza, unakaza, unafikiri zimekubaliana, kumbe zinadanganyana tu. Ukiwasha injini, oili inaruka mpaka kwenye shati. Gachanja ametuma Nairobi zitafutwe za kufaa.

Msalimu Mama. Mwambie nimesikia neno lake kwamba nisijiharakishe, na nimeliheshimu.

Ni mimi,
Kiilu

Jogoo si lazima.


Kalamba,
15 Juni 1986

Shemeji,

Bwana asifiwe, na baada ya hapo sina habari nyingine ya nyumbani, maana nina hasira.

Mama ameungua. Alitaka kuondoa sufuria ya mahindi ya muthokoi motoni, akashika pembeni ambapo hakuna mkono, akashika moto wenyewe. Kiganja chote. Nimempaka asali, analala amekinyanyua hewani kama mtu anayeapa.

Unamheshimu kwa kutojiharakisha! Ni nani amekuambia hiyo ni heshima? Barua yako ndefu ilijaa thredi, paipu na mlango wa sefu, lakini nilichokuuliza hukujibu. Nilikuuliza kama nikae nyuma na Mama ni sawa. Ukanijibu kuhusu jogoo.

Akina mama hapa wameanza kuulizana. Jana mmoja kisimani alisema, "Hiyo gari ya Kiilu, ni ya kutembea au ni ya kutengenezwa?" Wakacheka. Mama alikuwa amekaa pale pale na mkono wake uliofungwa kitambaa, akasema, "Gari nzuri huchukua muda." Niliona aibu kwa niaba yako.

Mwezi wa nane unakuja. Niambie tarehe, au niambie huwezi.

Ndinda


Kitui,
29 Juni 1986

Kwa shemeji Ndinda,

Pole kwa mkono wa Mama, pole sana. Mumbua ametuma mafuta ya kuungulia, yako pamoja na barua hii.

Paipu zilikuja. Zimeshika. Hakuna tone linalovuja. Lakini sasa kuna shida nyingine, nayo ni kinyume cha ile ya kwanza. Asubuhi hizi za baridi oili inapoa kupita kiasi. Inakuwa nzito kama uji wa jana, na injini haipendi. Nimeweka karatasi ya boksi mbele ya rejeta ili kuzuia upepo. Inasaidia, lakini sijui kama ni salama kwa safari ndefu. Nataka kuichunguza zaidi.

Niombee.

Kiilu


Kalamba,
13 Julai 1986

Shemeji Kiilu,

Salamu. Mafuta yalifika, mkono unapona. Kunde nilizopanda upya zimezaa, na Mama anawaambia watu alizipalilia mwenyewe.

Kwanza nilitaka kukujibu na Ufunuo. Oili ilikuwa moto, sasa ni baridi! Nilitaka kukuambia Bwana alivyolitapika lile kanisa lililokuwa vuguvugu. Nimeacha, kwa sababu Mutiso amekuja.

Unamjua Mutiso mwinjilisti. Alikuwa huko Kitui kwenye mikutano, akarudi Alhamisi, akapita kwangu kunywa chai. Nikamuuliza, "Gari ya Kiilu uliiona?"

"Niliiona. Inang'aa! Alikuwa anatoka nayo Mutomo na yule fundi wake, wanacheka. Nilimuuliza kama oili inachemka, akasema haichemki hata kidogo."

"Na asubuhi, kwenye baridi?"

"Nilimwona akiiwasha asubuhi pia. Inalia kama paka."

"Sasa kama inafika Mutomo, kwa nini haifiki Kalamba?"

"Hilo muulize mwenyewe. Lakini nyinyi mnasema mtasafiri watatu. Utakaa wapi?"

"Nyuma na Mama."

"Nyuma ya nini? Ndinda, ile gari haina nyuma. Ina viti viwili, na vyenyewe vimekaribiana kama meno. Mimi nilikaa humo kidogo nijaribu, goti langu na la Kiilu yakawa ukoo mmoja."

Shemeji, niliweka kikombe chini. Viti viwili! Wewe kwenye usukani na Mama Kalondu, aliyemzaa mke wako, ubavuni mwako, bega kwa bega, kutoka Kalamba mpaka Kitui, kila kona mnaegemeana! Mimi ninaandika kuhusu jogoo!

Nikaenda kwa Mama mbio. Alikuwa anachambua maharagwe kwa vidole. Nikamwambia, "Mama, ulijua gari ya Kiilu ni ya viti viwili?"

Hakuacha kuchambua. "Niliiona mwaka ule Ndululu alipozaliwa. Ilikuwa ya Mzungu. Ni gari ya mtu na bibi yake."

"Ulijua! Kwa nini hukusema?"

"Nianze vipi? Niseme siwezi kukaa karibu na mkwe wangu, naye alisimama Kikima akasema hakuna nthoni tena? Nitamfanya mwongo kanisani."

"Kwa hivyo ungepanda?"

"Nilikuwa naomba iendelee kuharibika."

"Na macho, Mama?"

"Macho ni yangu," alisema. "Heshima ni yetu wawili."

Basi nimeelewa. Wewe ulikuwa unafungua na kufunga rejeta, na yeye alikuwa anaiombea ivunjike, na hakuna aliyekuwa akisema neno, kila mmoja akimwonea huruma mwenzake mpaka mtu mmoja akakaribia kupofuka. Na mimi mjinga katikati, nikimaliza stempu. Sitakuuliza kama ni kweli. Kikima ulihubiri vizuri, na mkono ni mkono, unasalimia unauondoa. Kiti si mkono. Hilo hata Mungu analiona.

Sasa utafanya nitakavyosema. Utakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane. Utaendesha wewe mwenyewe mpaka uwanja wa kanisa, kila mtu akuone. Kwenye kile kiti kingine utamleta Gachanja. Ukishakunywa chai utasimama, utasema rejeta ya oili imefungwa upya, na kitaalamu gari haiwezi kusafiri na mgonjwa bila fundi aliyeifunga kuwa kwenye usukani. Usiongeze neno. Unapenda kuongeza. Gachanja ni mtu wa Nyeri, si mkwe wa mtu yeyote hapa, akikaa karibu na Mama dunia haitaanguka. Mimi na wewe tutapanda basi na kiondo na jogoo.

Miezi yote hii rejeta hiyo imekuwa ikitutesa. Sasa ifanye kazi.

Ndinda


Kitui,
20 Julai 1986

Kwa shemeji Ndinda,

Nakusalimu. Hapa wote hawajambo.

Barua yako nimeipokea. Kuhusu yale mengine uliyoandika sina la kusema. Kuhusu rejeta, nimeshauriana na Gachanja, naye anakubali kwamba kitaalamu fundi lazima aandamane nayo. Tutakuja Jumamosi hiyo.

Jogoo asiwe mkubwa.

Kiilu


Kitui,
31 Agosti 1986

Kwa shemeji yangu mpendwa Ndinda,

Bwana asifiwe sana. Tangu uondoke hapa nyumba imekuwa kimya, na jogoo wako amempiga wa jirani. Shati langu la basi Mumbua amelifua mara mbili, alama za jogoo hazijatoka. Ndululu anamsomea nyanya yake Biblia kila jioni, na nywele amezifunga kitambaa bila kuambiwa.

Gachanja bado anasimulia ile safari kwa kila anayeleta gari. Anasema walipopanda milima alikuwa anaangalia geji tu, na sindano haikusogea. Anasema Mama alikaa wima, ameshika kiondo chake kidogo, akaimba nyimbo za Kikamba kutoka Kalamba mpaka hapa, na upepo ulipomvua kitambaa alicheka kama msichana. Mimi hayo sikuyaona. Mimi nilikuwa kwenye basi na wewe ukiniambia ninyamaze kuhusu oili.

Sasa jambo lenyewe. Walimfungua kitambaa cha jicho Jumanne, lile la kushoto. Sikuwa karibu, kama unavyojua mwenyewe. Mumbua ndiye aliyekuwa naye. Kitu cha kwanza alichosema Mama ni, "Mumbua, umezeeka." Dada yako alilia na kucheka, hajaacha mpaka leo. La kulia watalipasua wakirudi. Lakini hilo moja linatosha, jana aliokota sindano sakafuni.

Siku aliporudi hapa nyumbani nilikuwa nyuma ya ukuta wa kinu. Nilikuwa na kazi huko. Nikasikia anamwambia Mumbua, "Nipeleke kwenye gari."

Akapelekwa.

"Fungua hapa mbele." Mumbua akainua boneti. "Iko wapi hiyo rejeta?"

"Ni hii, Mama, nyuma ya wavu."

"Si huu ni mlango wa sefu yako?"

"Ndiyo, Mama."

Nadhani alikuwa anainama. Halafu akasema, "Kitu kidogo hivi! Nilidhani ni kama pipa."

Kisha akainua sauti, shemeji, akaiinua sana, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Mumbua aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameigeukia injini, hakugeuka upande wangu hata kidogo. Akasema, "Wewe rejeta, asante. Ulikawia, lakini ulitutunza sote wawili mpaka tukafika. Mungu akubariki wewe, na kinu chako, na watoto wako."

Mumbua akakohoa, sijui ni vumbi au ni nini.

Mimi nilivua kofia. Rejeta haina mdomo, na baraka ya mzee haiachwi hewani bila kuitikiwa. Nikasema Amina, pale pale nyuma ya ukuta, kwa sauti ya kutosha kusikika.

Ni mimi shemeji yako,
Kiilu